Hakupoteza Bunduki: Maneno ya Kumuaga Sajini Hezekiah Were

Mheshimiwa Naibu Kamishna wa Kaunti, Afande Kamanda, Mkuu wa Kituo, mwenyeji wetu, wachungaji wetu, na sheikh wetu uliyetoka Mumias asubuhi na mapema, maafande wa vyeo vyote, mlio zamu na mliojipa ruhusa wenyewe, majirani wa Navakholo, akina mama wa soko la Shianda mliofunga vibanda siku ya soko ili mfike hapa, na wewe Mama Nanjala, mke wa Sajini, ambaye kwa haki ungetajwa kabla ya sisi wote: mulembe! Hamjambo?

Najua mnachojiuliza. Huyu mwanamke amealikwa na nani? Kwa msionijua, naitwa Immaculate Ayuma. Nauza vitabu hapo mjini karibu na posta, na kila Jumamosi naandika makala katika gazeti letu dogo. Kwa miaka kumi na tisa nimewaandika polisi wa sehemu hizi, na sikumbuki hata makala moja iliyowafurahisha. Leo pale langoni konstebo amekagua mkoba wangu mara mbili, akacheka, akasema, "Madam Ayuma, leo umetuingilia kwa mlango. Tumezoea unatuingilianga kwa gazeti."

Nimeingia kwa mlango kwa sababu mbili. Ya kwanza ni mashine hii mpya inayofunguliwa rasmi leo katika ghala la silaha. Ya pili ni mtu aliyelitunza ghala hilo kwa miaka ishirini na miwili, Sajini Hezekiah Were, anayestaafu leo hii. Ratiba mliyopewa imeyaandika mambo haya mawili mbalimbali, moja juu ya jingine. Aliyeiandika ratiba hakujua. Ni jambo moja.

Mwaka jana, mwezi wa Februari, wakaguzi walikuja hapa. Wakazitoa bunduki zote, wakazisoma nambari zilizochongwa kwenye chuma. Bunduki moja, ile inayoishia na sufuri tisa saba, haikuwepo. Mahali pake palikuwa na bunduki nyingine, ya aina ile ile, yenye nambari ambayo haimo katika daftari la kituo hiki. Wakaandikia vituo vya jirani: je, kuna aliyepoteza bunduki? Majibu yakarudi upesi ajabu. Zetu zote zipo. Zote zipo. Zote zipo.

Basi ikaamuliwa hivi: Sajini Were ameiuza bunduki ya serikali, kisha ametafuta nyingine ya magendo akaisimamisha pale ili hesabu isipungue. Akasimamishwa kazi. Na mimi, ndugu zangu, sikungoja uchunguzi. Jumamosi iliyofuata nilitoa makala yenye kichwa "Ghala Lenye Mlango wa Nyuma". Nilimtaja kwa jina lake na la baba yake. Niliandika kwamba kila risasi itakayosikika kati ya Malava na Butere itakuwa na alama ya kidole chake. Nilimalizia kwa methali, maana napenda methali: mali bila daftari hupotea bila habari. Makala ile ilinakiliwa ikabandikwa hata kwenye nguzo za stima. Nilijisikia shujaa.

Sasa nawauliza, methali yangu ilikuwa na maana gani hapa? Daftari lilikuwepo! Lilikuwa na jalada gumu, na mistari, na sahihi. Katika kituo kimoja cha jirani, ambacho sitakitaja kwa sababu mkuu wake ameketi safu ya tatu na ameanza kuangalia viatu vyake, daftari lilikuwa safi kuliko msahafu. Nimeliona kwa macho yangu. Nambari za bunduki ziliandikwa Januari, kwa mwandiko mzuri. Chini yake, kuanzia siku ya pili hadi mwisho wa mwaka, zilifuata zile koma mbili mbili ambazo tulifundishwa darasa la tatu, maana yake "kama hapo juu". Kama jana. Kama juzi. Kama siku ile tuliyosoma kweli.

Mnajua bunduki zinavyopokewa jioni? Maafande mtaniambia kama nasema uongo. Zinasimamishwa kwenye rafu, vitako chini, midomo juu, na mtunza ghala anapita akihesabu vitako. Kumi na nne zilitoka, kumi na nne zimerudi, funga. Nani ana haja ya kuinama na kusoma nambari zilizofifia, na watu wamesimama mlangoni wakilia, "Afande, harakisha, gari la Lurambi linaondoka"?

Novemba ya mwaka juzi, wakati wa mitihani, maafande wa kituo hiki na wa kituo kile kisicho na jina walisindikiza karatasi za mitihani hadi shule moja. Wapishi wa shule, kwa ukarimu wetu wa kawaida, wakawaandalia obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku, kwenye baraza ya jikoni. Sasa hebu niambieni, ni nani anayekula ingokho na bunduki begani? Zikaegemezwa ukutani. Kabla ya kunawa, mvua ya mawe ikashuka, ile yetu ya Kakamega isiyobisha hodi. Kila mtu akanyakua bunduki iliyo karibu na mkono wake akakimbilia gari. Konstebo mmoja wa hapa akaondoka na ya kule. Mmoja wa kule akaondoka na ile ya sufuri tisa saba. Jioni, katika vituo vyote viwili, vitako vikahesabiwa. Vikatimia. Pakafungwa.

Hapakuwa na muuzaji wala mnunuzi. Palikuwa na kuku, na mvua, na watu wazima waliokuwa wamezoea kuhesabu bila kusoma.

Lakini hayo hatukuyajua. Kwa miezi kumi na mitano Sajini Were alikaa nyumbani. Kanisani alivuliwa uzee wa kanisa. Mama Nanjala alipopanga mboga zake Shianda, wanunuzi walipita kama hawamwoni. Vijana wa boda boda walipomwona Sajini barabarani walipunguza mwendo, wakamwita, "Afande! Ile ingine utauza lini? Tuekee!" Wakacheka, wakaondoka na vumbi lao. Yeye aliandika barua tatu kwa wakubwa, kwa mkono. Zote ziliomba kitu kimoja: kila bunduki katika vituo vya jirani isomwe na mtu asiyeitunza. Barua hazikujibiwa. Afande Kamanda, nasema mbele yako, na nitasema tena ukinialika: barua tatu, hazikujibiwa.

Zilijibiwa na chipu. Mei mwaka huu, vituo vyetu vikachaguliwa kufanyiwa majaribio ya mfumo huu. Ndani ya kila bunduki huwekwa chipu ndogo kuliko punje ya hindi, inayobeba nambari ya bunduki hiyo. Kila askari ana kadi yake. Mlangoni kuna mashine inayosoma vyote viwili: bunduki gani, mkononi mwa nani, saa ngapi imetoka, saa ngapi imerudi. Sasa, ili kuiwekea bunduki chipu, lazima mtu aishike na kusoma nambari ya chuma. Mtu huyo alikuwa fundi wetu Nasambu, msichana wa Bukura, yule pale amevaa kitambaa cha kijani. Simama, Nasambu, tukuone.

Nasambu alifika kituo kile kisicho na jina. Alipofika bunduki ya tisa, mtunza ghala akamwambia, "Madam, usijichoshe, wewe jaza tu vile kitabu inasema." Akamjibu, "Afande, kitabu nimekiona. Mimi nimetumwa nisome chuma." Akasoma chuma. Sufuri tisa saba.

Jamani, nimesoma vitabu vingi kuhusu uhuru na haki, vingine vizito hata kuvibeba. Sijakutana na sentensi iliyonipiga kama ile ya Nasambu. Kwa sababu mimi pia nilikuwa nimesoma kitabu. Nilisoma ripoti ya wakaguzi na uvumi wa mjini. Chuma sikukisoma. Sikupanda hata boda boda kwenda Navakholo kumwuliza mtu swali moja.

Wapo wanaosema mashine hii ni matusi kwa polisi, kwamba askari mwaminifu hahitaji kuchungwa kama mbuzi. Nawajibu: mwaminifu ndiye anayeihitaji zaidi! Mwizi ana ujanja wake, ana mawakili, ana marafiki. Mwaminifu ana neno lake tu, na tumeona thamani ya neno hilo hapa Kakamega. Sajini aliporudishwa kazini aliulizwa anataka afidiwe nini. Alisema, "Nipeni shahidi asiyenipenda na asiyeniogopa." Shahidi huyo ndiye aliyefungwa pale mlangoni. Asubuhi ya leo tumemjaribu. Konstebo amechukua bunduki moja, akarudisha nyingine makusudi. Mashine imepiga kelele, taa nyekundu imewaka, jina la konstebo limejitokeza kwenye kioo, na Mkuu wa Kituo ameruka hatua mbili nyuma. Afande, usinikasirikie, watu wote wameona.

Wapo pia wanaosema sasa mambo yamekwisha, tulale. Hapana! Mashine itatuambia bunduki gani ilitoka na nani. Haitatuambia ilifanya nini huko nje. Hilo nitaendelea kuliuliza mimi kila Jumamosi. Na stima yetu tunaijua, mvua ikikohoa tu inaondoka. Betri ipo, lakini betri nayo huchoka. Siku hiyo daftari litafunguliwa tena. Nawaomba, na hili nimeagizwa na Sajini mwenyewe: msiandike koma. Inameni, msome.

Kwa maana hata yeye anakiri. Nilipomwendea mwezi wa Juni alikuwa akipalilia mahindi. Aliniambia bila kuulizwa, "Dada Ayuma, siku ile ya mvua hata mimi nilihesabu vitako. Ningesoma, ningejua jioni ile ile." Hebu fikirieni. Mtu ametukanwa miezi kumi na mitano kwa kosa lisilo lake, na jambo la kwanza analosema ni kosa lake dogo lililo lake kweli. Wangapi kati yetu tulio mbele hapa wangefanya hivyo? Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na huyu si mnyonge.

Nilikuwa nimekwenda kumwomba radhi. Nilikuwa nimejipanga, nimeandaa maneno mazuri. Akainua mkono wenye udongo akanizuia. Akasema, "Ngoja, dada. Uliniandika sokoni. Utaniombaje msamaha shambani, mbele ya mahindi?"

Nikarudi mjini. Wiki iliyofuata akaja mjumbe na mwaliko wa leo, na sharti moja tu kutoka kwa anayestaafu: hatakabidhi funguo za ghala mpaka Ayuma aseme.

Basi, soko ndilo hili. Wamekuja wa Shianda, wamekuja wa Navakholo, wa kanisani wapo, na wale wa boda boda nawaona wamekaa juu ya pikipiki zao nje ya ua. Zimeni injini, vijana, mnisikie vizuri. Mimi, Immaculate Ayuma, niliandika kwamba Sajini Hezekiah Were aliuza bunduki. Niliandika uongo. Hakuiuza. Hakuipoteza. Bunduki ilikuwa kwenye rafu ya jirani tangu siku ya mvua, na yeye peke yake ndiye aliyetuomba tukaitazame. Jumamosi hii maneno haya yatatoka katika gazeti, ukurasa ule ule, herufi kubwa zile zile, na nitazunguka mwenyewe kuyabandika kwenye nguzo zile zile. Nakuomba radhi, Mzee wangu.

Nini, Mama Nanjala? Sijasikia. Anasema nirudie?

Ni haki yako. Shikeni kipaza sauti hiki, nitarudia bila hicho, wasikie hadi barabarani. Hezekiah Were hakupoteza bunduki! Hakupoteza!

Ameinuka. Tazameni, ameinuka, na funguo anazo mkononi. Mpisheni apite akazikabidhi. Nami nimemaliza, kwa kunivumilia na kunisikiliza hadi neno la mwisho, asanteni sana.