Mama Apolline Anatuachia Vipande Vinavyohama

Ijumaa tarehe 28 Juni 2024, baada ya miaka ishirini na moja ya utumishi, Mama Apolline Nabintu anastaafu kazi ya kuongoza wajenzi wa tovuti katika Kituo cha Informatiki Tujenge, Uvira. Alituomba tusilie. Tumekubali sote, isipokuwa Papa Venant wa mapokezi, ambaye ameanza tangu Jumatatu.

Aliingia mwaka 2003, Kituo kikiwa bado sekretariati ya kupigia watu chapa barua na mialiko ya harusi. Ni yeye aliyepiga kelele mpaka tukajifunza kujenga tovuti, na ni yeye aliyetuletea Django, kiunzi cha programu tunachojengea tovuti hadi leo. Umeme ukikatika hakwenda nyumbani: alichukua chaki, akatuchorea mradi mzima kwenye mlango wa depo, stoo yetu ya vifaa. Mlango ule haujapakwa rangi mpaka leo. Nani angethubutu?

Lakini kumsifu Mama Apolline bila kutaja mitumbwi ya Bwegera ni uongo mtupu. Fundi wetu Firmin, mtu wa mbio, alikuwa amemaliza tovuti ya wavuvi wa Makobola. Wakulima wa mpunga wa Bwegera walipotaka ya kwao, akanakili ile ya wavuvi yote, akabadilisha jina na rangi, akasema tayari. Kumbe! Mkulima akitaka kujiandikisha, ukurasa unamkatalia mpaka ataje mtumbwi wake na taa zake za kuvulia. Wengine, watu wapole, wakajiandikia mitumbwi wasiyo nayo. Wiki nzima Bwegera, katikati ya mpunga, ilikuwa na mitumbwi kushinda Makobola. Mwenyekiti wao, Papa Pontien, alipanda pikipiki akaja kutuuliza: "Sasa ziwa mutatuletea lini?"

Mama Apolline alicheka hadi akashika meza, kisha akasimamisha kazi zote. Kuandikisha wanachama kukawa kipande chenye folda yake. Matangazo nayo folda yake. Mambo ya samaki yakabaki huko huko kwa wavuvi, na jina la mteja, rangi na lugha vikahamia kwenye mipangilio ya kila mradi. Wakubwa wa Kituo walinung'unika kwamba wateja wanangoja. Yeye alipita meza kwa meza na swali lake: "Hii kipande ikihama leo, italilia nani?" Kama kililia mradi wa zamani, yaani hakifanyi kazi bila huo, ulirudi kukifumua. Mimi Bénédicte, ninayeandika haya, nilikaa meza ya jirani, nimefumua vingi.

Shule moja ya Kavimvira ilipoomba tovuti, hatukunakili kitu. Tulichukua kipande cha kuandikisha, tukakiunganisha, wanafunzi wakaingia palipokuwa pa wavuvi. Walionung'unika wakaanza kusema "mfumo wetu". Na anayewaambia wageni kwamba haraka haraka haina baraka, siku hizi, ni Firmin!

Mwaka huu wa mwisho Mama hakuwa na raha. Alikuwa na hofu moja, wala hakuificha: kwamba akitoka tu tutarudia kunakili, na kazi yake yote itakufa. "Minye siogopi kuzeeka," alikuwa akisema, "niko naogopa mutabomoa."

Mwezi wa tatu binti yake alijifungua huko mjini Baraka. Mama akaenda kumtunza, akazima simu. Siku hizo hizo wamama wauza ndagala, dagaa wa ziwa letu, wakaja kutaka tovuti kabla ya Pasaka. Hatukuwa na wa kumuuliza, kusema kweli. Firmin na Olga, fundi wetu mpya kuliko wote, wakakusanya vipande vilivyokuwepo. Kilichokosekana kilikuwa kipande cha bei za soko za kila siku. Wakakijenga wenyewe tangu mwanzo, na majaribio yake, na maelezo yake, bila kutaja ndagala popote ndani yake, ili kesho kiweze kuhamia kwa mteja mwingine.

Aliporudi alivaa miwani, akasoma kazi yao asubuhi nzima akitafuta pa kusahihisha. Hakupata. Akavua miwani, akajifuta macho, akamkumbatia Olga mpaka Olga naye akalia. Tangu siku ile hakutaja tena habari ya kubomoa.

Asante, Mama, kwa uvumilivu, kwa kelele, na kwa chai ya tangawizi iliyotuchoma koo miaka yote hii. Nenda Baraka ukambebe mjukuu, ule samaki wako wa mukeke bila mtu wa kukuharakisha, Mungu akupe siku nyingi na njema. Kuanzia Jumatatu hatutakupigia kuuliza jambo lolote la kazi. Simu yetu ikilia kwako, pokea bila woga: ni salamu tu.