Jino la Nne

Shikamooni mama zangu. Haya maneno nimeyaandika mara sita kwa kuogopa kukosea. Karatasi naiweka chini.

Mwanangu wa kwanza, akiwa na miezi mitano, alipata homa na kuharisha. Mama mkwe akamfunua mdomo, akaona uvimbe mweupe kwenye ufizi. "Meno ya nailoni haya, yanaua watoto yasipong'olewa. Unasubiri afe?" Akaitwa bibi mng'oaji kutoka Bashay, na spoki yake ya baiskeli.

Ndugu zangu, nawaambia, sikulazimishwa. Mimi napenda kazi inyooke. Spoki niliichemsha mwenyewe, kichwa cha mtoto nikakibana kwa magoti. Alipotoa jino la tatu, bibi alichoka na kelele. "Yanatosha, mama."

Nikasema, "Bado moja. Tumalize vizuri."

Niangalieni tu.

Homa iliishia zahanati, kwa dawa. Leo mtoto ana miaka saba, yale manne hayakuota, shuleni wanamwita Mapengo. Nikajisomea kwenye simu kwamba ndani ya jino la utoto kuna seli shina, chembe hai zinazoweza kujenga upya nyama ya jino na mfupa wa taya. Basi meno yake ya mbele yalipodondoka niliyatunza kwenye kichupa, nikampeleka Mbulu mjini. "Daktari, mpandie mengine."

Daktari akakitikisa kichupa. "Hizo seli zilikufa jino lilipokauka. Na hata wanaozitafiti bado hawajamwotesha mtu jino zima. Zake zilikuwa kwenye vile vichipukizi vya meno ndani ya ufizi, zikipeana habari na ufizi nini kijengwe wapi. Nani alivichokonoa?"

Mtoto akawahi kujibu. "Bibi."

Alimaanisha mama mkwe. Sikumsahihisha.

Mwezi uliopita mdogo wake akapata homa. Mama mkwe akataja spoki. Nikamfokea, "Umeshaniharibia mmoja!"

"Mimi?" akasema. "Nani alisema bado moja?"

Mtoto alikuwa mlangoni. "Mama, ni wewe?"

Nikasema, "Ni mimi."

Namshukuru nesi aliyempokea mdogo wake siku ile. Namshukuru mama mkwe, maana pamoja na matusi yangu, ndiye aliyembeba mpaka zahanati. Ule uvimbe mweupe ni jino, mama zangu. Liacheni liote. Homa ipelekeni zahanati.

Mkubwa hajasema kama amenisamehe. Ila nikimpakata mdogo wake, huja kukaa karibu, akaangalia mikono yangu.