Kigari Gani Kingeliokoa Bawa

Nyuma ya banda la ndege, hatua kumi na mbili kutoka mlango mdogo wa pembeni, kuna benchi la viti vitatu vya abiria vilivyong'olewa katika ndege kongwe. Hapo ndipo mafundi hunywa kahawa saa nne kamili. Ijumaa hiyo walikuwapo Spana, fundi mkuu wa injini. Propela, fundi rangi ambaye mdomo wake ukishawaka hauzimiki. Na Kanali, mlinzi wa geti, ambaye hajawahi kuwa askari wa jeshi lolote. Mbele yao kulikuwa na karatasi ya meneja yenye picha za vigari vitatu vya kuvutia ndege, na chini yake mistari miwili mitupu: kigari mlichochagua, na sababu ya ajali ya Jumanne. Siku hiyo mdogo wake Spana, ambaye wote walimwita Dogo, alikuwa akiingiza ndege ndogo nyeupe bandani kwa kigari cha zamani, bawa likagonga nguzo. Alisimamishwa kazi papo hapo. Karatasi ikisema kosa ni la kigari, Jumatatu anarudi. Ikisema kosa ni lake, kazi hana.

— Hiki chenye injini ya petroli, alisema Propela. Kina kiti, kina honi. Kinavuta hata ghorofa!

— Ghorofa nani kakuomba uivute? Spana alifoka. Ndege yenyewe watu watatu tunaisukuma kwa mikono! Unataka kung'oa mguu wa mbele? Kata kona upite kidogo tu ile alama nyekundu ya mwisho wa kona, umeuvunja.

— Basi cha betri, kile kinachobeba gurudumu la mbele. Unatembea nacho kama toroli.

— Na macho yako wapi? Yako kwenye gurudumu, kama kile cha zamani! Kinamfunga mtu puani mwa ndege, bawa moja kule, jingine kule. Dogo angeonaje? Niambie, angeonaje?

Propela alijivuta nyuma. Kwa miaka kumi na saba alimjua Spana kama mtu wa maneno machache, tena ya sauti ya chini.

— Mimi nasema kigari hakina kosa, Kanali aliingilia. Sakafu imeinama. Aliyeijenga aliinamisha makusudi ili ndege zijitokee zenyewe.

— Unaota, bwana.

— Weka gololi uone!

— Sakafu siyo, alisema Propela. Ni bawa. Kazi ya bawa ni kupaa. Ukilivuta taratibu linakasirika, linatafuta pa kwenda. Na ndege nyeupe ndizo kaidi zaidi. Mimi ndiye ninayezipaka, nazijua tabia.

— Haya, kama si sakafu ni nguzo, Kanali alisema. Jua likiwaka chuma kinatanuka. Jumanne ile nguzo ilikuwa imesogea. Nimeiona kwa macho yangu haya.

— Uliionea wapi wakati ulikuwa umekaa hapa unakoroga sukari?

Maneno yalimtoka Spana kabla hajayapima, akatamani yarudi kooni. Propela akaanza kukagua viatu vyake.

Tangu Jumanne Spana hakuwa amekanyaga kwa mama yao. Mama ndiye aliyemleta Dogo hapa, mwezi wa tatu baada ya kumzika mumewe. Aliushika mkono wa mtoto wake wa mwisho, akauweka ndani ya mkono wa mtoto wake wa kwanza, akaondoka bila kuaga.

— Andika cha tatu, Spana alimwambia Propela, sauti ikipanda tena. Cha rimoti. Mtu anasimama mbali, anaona mabawa yote mawili. Sababu ya ajali: kigari cha zamani. Kwisha!

— Na rimoti ikinasa redio ya rubani? aliuliza Kanali. Ndege ianze kutufukuza humu ndani?

— We Kanali, funga mdomo! Andika, Propela!

Kabla Propela hajagusa karatasi, mlango wa pembeni ulifunguka. Alitoka mama mmoja wa makamo, aliyezungumza taratibu kama mtu aliyezoea kuwaambia wengine wafungue vinywa. Kumbe ndiyo kazi yake: daktari wa meno.

— Habari za kazi, jamani. Ile ndege nyeupe ni yangu.

Wote watatu wakasimama.

— Pole sana, daktari, alisema Spana. Ni kile kigari. Kibovu siku nyingi. Tunaandika hapa.

— Nimeshapoa. Nimesoma kibao pale ukutani. Kinasema ndege haisogezwi mpaka awepo mtu kwenye ncha ya kila bawa. Ndivyo?

— Ndivyo, mama.

— Jana nilimpigia simu yule kijana. Ananiomba msamaha tu, hamtaji mtu. Sasa nawauliza ninyi wakubwa zake. Watu wa mabawa, hakuwaita?

Kanali aligeukia geti kana kwamba kuna gari linapiga honi. Spana aliikumbuka Jumanne. Dogo alikuwa ameita mara mbili: "Kaka! Kaka, bawa!" Naye Spana, kikombe kikiwa mdomoni, alimjibu aanze tu, wanakuja.



Spana alichukua kalamu mkononi mwa Propela, akaivuta karatasi magotini. Mstari wa kigari aliuruka. Katika mstari wa sababu aliandika polepole, kwa mwandiko wa shule: Alituita, hatukwenda. Akaweka sahihi, kisha akampa Kanali kalamu.

— Na mimi? Kanali alinong'ona.

— Na wewe.