Kifua cha Fundi Mahir Fumo wa Koyama

Ndugu waombolezaji, tunawasomea maisha ya ami yetu Mahir Fumo, aliyezaliwa kisiwani Koyama tarehe 1 Januari 1958, siku ambayo kwa mujibu wa serikali walizaliwa wenzake wote wa rika lake, ingawa mamake alishikilia kuwa ilikuwa masika.

Alisoma chuo cha Kurani papo Koyama, kisha shule ya msingi Kismayo hadi mwaka 1972, alipoacha darasa akashika tezo kwa babake, akawa fundi wa mashua, na tarehe 9 Oktoba 1981 akamwoa Bi Khairat Badi wa Ngumi, wakajaaliwa watoto wawili, Salme na Walidi.

Walidi alikufa maji karibu na kisiwa cha Fuma tarehe 3 Agosti 2017, akiwa katika mashua iliyoundwa na babake, na tangu hapo ami aliweka tezo chini, akawa hali, halali, hasemi, mpaka Bi Khairat akawaambia jamaa kwamba ameshazika mmoja na wa pili anamwona anakwenda. Jamaa wakasema ni shetani wa baharini, wakampigia ngoma, naye akakaa kwa adabu mpaka mwisho, akaonja halua, akarudi kutazama dari. Tukampeleka hospitali Kismayo, akasoma kibao cha Afya ya Akili, akageukia mlangoni: “Mi si mchu wa wazimu, kinachoniuma ni kifua!”

Daktari Rawda wa kitengo hicho hakubishana naye, alihamishia kiti chake mwenyewe chumba cha pumu, akampa vidonge akimweleza bila kuficha kuwa ni vya huzuni iliyomkalia kifuani, akamtaka arudi kila Jumamosi wazungumze, na ami akakubali, kwa kuwa kifua hakimwaibishi mwanamume. Baadaye ami akawapeleka kwake na mafundi wenzake, hata wakaguzi wa hospitali wakaandika kuwa pumu imeenea mno kwa mafundi wa mashua.

Mwezi wa nne wa matibabu ndipo alipoitaja ile mashua ya Walidi, kwamba huenda ubao mmoja aliupigilia vibaya, akalia, na jioni hiyo akaomba chakula. Tarehe 20 Februari 2019 alishusha majini mashua mpya aliyoiunda, na wa kwanza kupanda alikuwa Bi Khairat, akimwambia: “Haya Baba Salme, twende, nami kuogelea sijui.”

Aliugua figo Januari 2024, akafariki nyumbani Kismayo tarehe 14 Aprili 2025, akiamini mpaka mwisho kwamba alitibiwa kifua, nasi hatuna hoja.

Tunawashukuru waganga na wauguzi, majirani, mafundi wa Koyama, na Daktari Rawda, ambaye yupo nasi leo, basi mwenye kifua, au kichwa, au shetani, amwone kabla hajaondoka.

Ami Mahir, kazi umeifanya, sasa pumzika, Mola akulaze pema.