Mama Émilienne Mlebinge, Patron Aliyeingia Sindika

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na mbili ya kazi, Mama Émilienne Mlebinge anastaafu katika koperative yetu ya sabuni hapa Baraka. Alitutangazia Jumatatu, amesimama mbele ya pipa la mawese, na wengine wetu bado hatujaamini.

Alitoka Lweba akatukuta tuko watu tisa, sabuni zetu zinapasuka kabla hazijafika sokoni. Ni yeye aliyegundua kwamba tulikuwa tunazikata zikingali moto. Muda si mrefu wanunuzi wa Kazimia na Misisi wakaanza kuomba “sabuni ya Mama Émilienne”, ingawa tulichapa jina la koperative. Aliimba kila asubuhi, na aliimba vibaya. Hilo tumemsamehe.

Jambo lililotushtua wote lilitokea mwaka 2016. Soda kali ya kupikia sabuni ilimrukia Bertin, mchanganyaji wetu, ikamuunguza mkono na kumharibu jicho. Wiki tatu baadaye, bandeji ikingali usoni mwake, mkutano mkuu ulipiga kura ya kumfukuza kwa uzembe. Mimi ninayeandika nilikuwa rais wa koperative, na kura niliiitisha mimi. Mikono ishirini na sita iliinuka. Bertin aliiangalia mmoja mmoja hadi akafika kwa Émilienne.

“Na we pia, mama?” akauliza, akatoka.

Émilienne alibaki ameduwaa, mkono ungali juu. Alituambia baadaye kwamba aliutazama kama mkono wa mtu mwingine. Sote tulijua kwamba Bertin hakuwa na glavu. Kuzinunua tulikuwa tumeahirisha sisi wenyewe, kwa kura vilevile.

Jioni ileile alikwenda kwa Bertin kuomba msamaha. Kesho yake alipanda pikipiki hadi ofisi ya sindika, chama cha kutetea wafanyakazi, akarudi na kadi ya uanachama. Nilimwita msaliti mbele ya watu.

“Koperative ni yako, we ndiye patron, mwenye kazi,” nikamwambia. “Sindika itakutetea kwa nani? Kwa we mwenyewe?”

“Siku ya mukutano mi niko patron,” akajibu. “Siku zingine zote niko mutumishi mbele ya soda. Siku ile sisi wote tulikuwa bapatron, na Bertin alikosa muntu wa kusimama kando yake.”

Kabla ya mwezi kwisha wenzetu kumi na saba walikuwa wamechukua kadi. Mjumbe wa sindika alikuja, akaketi kando ya Bertin mbele ya komite yetu, akaomba kitu kimoja tu: tumwonyeshe glavu. Hazikuwepo. Kura ilirudiwa, Bertin akarudi kazini, na glavu zikanunuliwa wiki ileile. Jicho halikupona. Mimi nilichukua kadi mwaka wa pili, wa mwisho kabisa, na Émilienne hakunicheka.

Mama Émilienne, asante kwa sabuni, kwa subira, na kwa kutuaibisha tulipostahili. Ukapumzike Lweba kwa afya njema, na shamba lako la muhogo likupe furaha tuliyochelewa kukupa.

Waraka huu unasainiwa na wanachama wote thelathini na wanne. Bertin ameomba jina lake litangulie.