Magadi Nayo ni Chumvi

Ka-ka-ka! Mfuniko wa sufuria ya makande. Bwana asifiwe, ndugu zangu! Niliusikia mfuniko huo kabla macho hayajaona kitu, nikiwa chini jikoni kwangu, Endasak, mkono wa kushoto umekuwa kama wa mtu mwingine. Mama yangu alianguka hivyo hivyo. Hakuinuka.

Presha nilikuwa naijua. Miaka miwili nilimeza dawa, sikuruka siku. Daktari aliposema niache chumvi, niliacha! Akasema nitembee, nikawa naenda sokoni kwa miguu, bodaboda zikinipita na vumbi lake. Nikaomba, nikafunga. Presha ikabaki juu. Nilichoka, ndugu zangu. Nilianza kumwona Mungu kama mtu aliyeketi chumba cha pili: ananisikia, haji.

Waliponifikisha hospitali nikapata nafuu, daktari hakunikaripia. Alivuta kiti karibu.

"Mama, siku ile ulipika nini?"

"Makande, daktari."

"Ukaweka nini?"

"Mahindi, maharage, maji. Na magadi, yaive haraka."

Akaweka kalamu chini. "Magadi nayo ni chumvi, mama."

Nililia pale pale. Miaka miwili! Chumvi niliifukuza mezani, kumbe nilikuwa naipika mwenyewe.

Ndugu zangu, Bwana alinijibu kwa swali la jikoni. Sasa naloweka maharage tangu jana yake, nachochea kuni mpaka kiuno kinauma, nakula chakula kilichopooza. Kila siku, na kila siku nachoka. Lakini kipimo kimeshuka, na mkono huu hapa, nauinua! Asante, Bwana! Wewe unayeomba, usiache kumtumaini. Na ukikaa mbele ya daktari, mweleze mpaka kilichomo kwenye sufuria.

Jana wifi yangu, dada wa mume wangu, aliniletea magadi ya Ziwa Balangida kama kawaida yake. Akaonja makande yangu, akakunja uso.

"Wifi, hii ni adhabu ya kosa gani?"

"La miaka miwili," nikamwambia. Tukacheka. Nikamrudishia mfuko wake.

Alipofika mlangoni alisimama, akajishika kisogo. Kichwa kinamuuma tangu Pasaka.

"Hiyo kliniki ya presha ni siku gani?"

"Jumatano. Nitakupitia, twende wote."

Aliukumbatia mfuko wake wa magadi, akatoka, mlango ukafungwa nyuma yake.