Niongeleshe Mpaka Genoa

Rayna: Haloo! Jitaje, mimi sioni jina, mikono yangu yote masizi.

Stamen: Makubwa haya. Mume wa miaka yote hii bado anaulizwa yeye nani.

Rayna: Stamen! Ngoja nijifute... nakuweka sauti kubwa. Niko roshani nachoma pilipili za achari. Jirani wa chini ameshagonga dari kwa ufagio, eti moshi. Umeamkaje?

Stamen: Salama. Wewe hujambo?

Rayna: Sijambo, mgongo tu. Uko njiani?

Stamen: Niko njiani, nimevaa spika ya sikioni, usianze. Tumeacha Nice baada ya chakula. Wameshiba, sasa wamelala midomo wazi basi zima. Niongeleshe, Rayna. Niongeleshe mpaka Genoa, la sivyo nitalala nao.

Rayna: Kuzman yuko wapi? Si zamu yake hii?

Stamen: Kuzman walimshusha Verona. Kampuni ilikuwa na basi jingine halina dereva.

Rayna: Walimshusha? Yaani uko peke yako tangu Verona?

Stamen: Tangu Verona.

Rayna: Na hukuniambia.

Stamen: Ungefanyaje? Ungekuja kushika usukani?

Rayna: Ningekuja kumshika bosi wako shati.

Stamen: [anacheka] Acha bwana. Sikia nikuchekeshe. Unamkumbuka yule mwalimu mstaafu wa Plovdiv na mkewe, waliopanda wa kwanza? Wamegoma kuhama viti vya mbele. Eti mke akikaa nyuma anatapika. Na yule mama wa nyuma yao anasema yeye naye anatapika akikaa nyuma. Wametapishana kwa maneno kuanzia Slovenia mpaka Monaco.

Rayna: Si ungewaambia wote watapike choo kilipo.

Stamen: Choo nimekifunga tangu mpaka wa Serbia. Kimejaa masanduku na soseji za mtu.

Rayna: Masikini watu wa watu. Wameambiwa wanakwenda kuona Ulaya.

Stamen: Wanaiona. Ulaya ni vituo vya mafuta na kahawa mbaya, halafu nusu saa ya kupiga picha kanisani, halafu Elica, kiongozi wao, anahesabu vichwa na daima kimoja hakipo. Jioni miguu imevimba kama mikate. Mwaka ujao wanakata tiketi tena.

Rayna: Na wewe miguu yako?

Stamen: Miguu iko.

Rayna: Na hiyo sauti?

Stamen: Ina nini?

Rayna: Sijui. Nzito.

Stamen: Kichwa kinanigonga tangu asubuhi, basi. Jua la baharini hili linakuja machoni moja kwa moja. Na kikombe kilinidondoka mezani, hoteli nzima ikanigeukia kama mlevi.

Rayna: Kilikudondokaje?

Stamen: Kilidondoka tu, Rayna. Vikombe hudondoka. Ngoja, handaki linakuja, tuta—

[mtandao unakwaruza, kimya]

Rayna: Haya. Nasubiri. Pilipili hizi zitaungua, mimi nasubiri tu.

[mtandao unakwaruza]

Stamen: —unanisikia?

Rayna: Sasa nakusikia. Pwani hiyo ina mashimo mangapi?

Stamen: Hayahesabiki. Unatoka shimoni unaingia mkate, unatoka mkate unaingia shimoni.

Rayna: Unaingia nini?

Stamen: Mkate. Mkate mrefu, chini bahari.

Rayna: Daraja, unataka kusema.

Stamen: Ndivyo nilivyosema.

Rayna: Stamen, umekunywa?

Stamen: Hata wewe? Elica naye kaja kuniuliza, eti nagusa mstari wa barabara. Tangu lini mimi nikanywa kazini?

Rayna: Najua hunywi. Ndiyo maana nauliza. Mikono yote miwili iko kwenye usukani?

Stamen: Wa kushoto uko. Wa kulia umekufa ganzi, nimeulalia vibaya hotelini. Magodoro yao yale.

Rayna: Uinue.

Stamen: Nini?

Rayna: Mkono wa kulia. Uinue, ujikune sikio.

Stamen: Sikio haliwashi.

Rayna: Jikune tu! Kwa ajili yangu.

[mngurumo wa injini]

Stamen: Baadaye.

Rayna: Stamen, nina jambo nataka kukwambia, na sitaki kukwambia ukiwa unaendesha. Simama pembeni.

Stamen: Sema tu.

Rayna: Simama kwanza.

Stamen: Hapa hakuna pembeni, ni ukuta na... na ile... chini. Mtu amekufa?

Rayna: Hakuna aliyekufa.

Stamen: Basi sema. Watu vyote vimelala, hakuna anayesikia.

Rayna: Watu vyote?

Stamen: Eeh. Vimelala.

Rayna: [kwa sauti ya chini] Mungu wangu.

Stamen: Usiku— sio, handaki—

[mtandao unakwaruza, kimya]

Rayna: Stamen? Stamen! ... Toka humo. Toka humo, mume wangu, toka na basi lako lote. ... Haloo? ... Jirani! We jirani wa chini! Nipandishie simu yako huku juu, achana na moshi! Haraka, nimesema! ... Haloo?

[mtandao unakwaruza]

Stamen: ...Ray.

Rayna: Niko hapa.

Stamen: Taa... ilikuwa nyingi.

Rayna: Sikiliza. Unajua unaongea kama nani?

Stamen: Nani.

Rayna: Kama mama yangu. Ile Jumapili, mezani.

[mngurumo wa injini]

Rayna: Ulikuwepo. Ulikaa karibu naye. Aliomba chumvi, akasema farasi, tukacheka. Tulicheka wote, Stamen.

Stamen: ...Hapana.

Rayna: Ndiyo.

Stamen: Hapana, Rayna. Nikisima... nikisimama leo, sishiki tena. Wataniandika. Leseni wachukua.

Rayna: Najua.

Stamen: Sishiki tena.

Rayna: Najua, mpenzi. Hutashika tena. Na mimi nitalilia hilo kesho, leo sina nafasi. Leo wateremshe watu wako. Kazi yako ni hiyo, si kuendesha. Kuwateremsha.

Stamen: [anavuta pumzi] Mguu.

Rayna: Mguu umefanyaje?

Stamen: Wa kulia. Hautaki.

Rayna: Uko kwenye mafuta?

Stamen: Mwendo... nimefunga. Basi lenyewe linakwenda.

Rayna: Sawa, sawa. Mwite Elica. Kipaza sauti kiko wapi?

Stamen: Kulia.

Rayna: Basi piga honi. Kwa mkono huohuo wa kushoto. Piga mpaka waamke!

[honi ndefu, sauti za watu]

Rayna: Usiachie! Piga!

[honi, mtu anapiga kelele, hatua za kukimbia]

Stamen: Msichana... simu... hii.

Elica: Mzee Stamen, vipi? Tuko katikati ya barabara, mbona— Haloo? Nani?

Rayna: Mkewe. Binti, weka sauti kubwa, asinipoteze. Mwangalie uso. Mdomo umekaaje?

Elica: Umeshuka upande mmoja. Shangazi, anatokwa na mate. Shangazi, tuna watu hapa—

Rayna: Nyamaza, usiwatishe. Kaa chini kwenye ngazi karibu na mguu wake. Ni kiharusi. Anakusikia, anajua kila kitu, maneno tu yamemkimbia. Usimshikie usukani, atauongoza mwenyewe. Stamen! Huo mwendo uliofunga, ufungue.

Elica: Anabonyeza... amebonyeza. Linapungua. Malori nyuma yanapiga taa.

Rayna: Yapige. Taa za tahadhari, Elica. Kitufe chekundu.

Elica: Nimeshawasha.

Rayna: Kuna pa kuegesha?

Elica: Kuna kibao... kituo cha mapumziko. Baada ya handaki hili moja. Ni refu, Shangazi.

Rayna: Refu kiasi gani?

Elica: Sioni mwisho wake.

Rayna: Stamen, sikiliza. Breki ikanyage kwa mguu wa kushoto. Taratibu, usije ukawaangusha. Breki ya mkono nayo iko kushoto kwako, si unaijua. Ukitoka tu, ingia pembeni. Hata ukisahau jina langu, hilo usisahau. Umesikia?

Stamen: ...Nda... ndani.

Elica: Tunaingia. Shangazi, shika—

[mtandao unakwaruza, kimya]

Rayna: Elica?

[kimya]

Rayna: Wewe usiondoke, jirani, shikilia simu yako hapo. Wapigie wale wa dharura, mia na kumi na mbili, waambie wakuunganishe na Italia. Basi la watalii. Dereva. Barabara kuu ya pwani, kutoka mpaka wa Ufaransa kwenda Genoa. ... Sijui kilomita gani! Waambie la rangi ya maziwa, lenye namba za Bulgaria. ... Elica? ... Elica, sema hata neno moja, binti. ... Mbona refu hivi. Mbona wamelichimba refu hivi.

[kimya]

Rayna: Stamen.

[mtandao unakwaruza, breki zinalia, upepo unatoka kwa nguvu, psssss, watu wanalia na kuongea kwa pamoja]

Rayna: Haloo! Haloo!

Elica: Tumesimama.

Rayna: Sema tena.

Elica: Tumesimama, Shangazi. Tumegusa ukuta mle ndani, ubavu mzima umekwaruzika, vioo viwili vimekwenda. Lakini tumesimama. Kituoni. Amevuta breki mwenyewe.

Rayna: Watu?

Elica: Mmoja amekatwa na kioo mkononi. Wengine wazima. Wanashuka.

Rayna: Na yeye?

Elica: Yuko kitini. Hajaachia usukani. Nimejaribu kumtoa vidole, hataki. Anaangalia kioo cha juu, anaangalia viti.

Rayna: Anahesabu watu. Mwambie wameshuka wote.

Elica: Mzee Stamen, wote wameshuka. Wote. ... Shangazi, hanielewi.

Rayna: Anakuelewa, hakuamini. Wamebaki wangapi ndani?

Elica: Yule mwalimu na mkewe. Hawataki kumwacha. Mke amempanguza mdomo kwa leso, mwalimu anamshika bega asianguke.

Rayna: Waambie watangulie kushuka, amwone wa mwisho akitoka.

[sauti za mbali, hatua]

Elica: Wameshuka. ... Ameachia. Shangazi, ameachia, ameniangukia mimi—

Rayna: Mlaze kwa ubavu! Asimeze mate! Mfungue kola. Usimpe maji, usimpe kidonge, mtu asije na pombe yake ya rakia hapo!

Elica: Yuko chini. Amelala ubavu. Macho yako wazi.

Rayna: Jirani, waambie wamesimama kituo cha mapumziko, baada ya handaki refu. Wamesemaje? ... Elica, jirani yangu amewapata. Gari la wagonjwa limetoka. Wakija watakuuliza ilianza lini. Usibabaike. Waambie asubuhi kichwa kilimuuma na kikombe kikamdondoka, ila alipotoka Nice alikuwa anacheka. Baada ya handaki la kwanza, tukiwa tunaongea, ndipo maneno yalipoanza kupotea. Mimi nilisikia. Mkewe alisikia kwa masikio yake. Hilo litawasaidia.

Elica: Sawa. Sawa, Shangazi.

Rayna: Umri wake sitini na moja. Dawa ya presha anayo, kwenye begi dogo, lakini najua hamezi. Waambie hamezi, usimfichie.

Elica: Shangazi, betri ya simu yake imebaki kidogo sana.

Rayna: Mwekee simu sikioni.

Elica: Iko sikioni.

Rayna: Stamen. Usitafute neno, maneno yote niachie mimi. Vuta pumzi tu, nikusikie.

[pumzi nzito, inakatika, inarudi]

Rayna: Nakusikia. Tena.

[pumzi]

Rayna: Basi limesimama. Kila mtu yuko chini, wengine wameshaanza kulalamika, nawasikia kutoka huku. Umewafikisha. Tena, vuta.

[pumzi, king'ora kwa mbali]

Rayna: Hao wanakuja kwako. Mimi nami nakuja, sijui kwa ndege gani, sijawahi kupanda, nitauliza. Wewe vuta pumzi tu mpaka nifike. ... Stamen?

Elica: Shangazi, wamefika. Wanamchukua.

Rayna: Anavuta?

Elica: Anavuta. Wamemwekea oksijeni puani. Wanauliza nani anakwenda naye.

Rayna: Wewe.

Elica: Lakini abiria, mimi ndiye kiongozi wao, kampuni itanifu—

Rayna: Abiria wako wazima na midomo wanayo, wataomba msaada wenyewe! Yeye hata jina lake hawezi kulisema! Panda, Elica. Kwa jina la mama yako, panda humo na usimwachie mkono. Wa kushoto, ndio anaousikia. Panda, nakata, usiipoteze ile betri, ukifika hosp—

[simu imekatika]